Kengele ya Saa Kumi

Watu wakisikia nililelewa katika nyumba ile, wanavuta kiti karibu. Wanataka mzimu. Mimi huwaambia mapema ili tusipotezeane wakati: mzimu wetu ulikuwa wa saa kumi ya jioni, jua likiwa bado linachoma, na kazi yake ilikuwa kupiga kengele ya chai. Basi. Haukukaba mtu usingizini, haukutoa kichwa dirishani. Wengi hapo hukata tamaa wakaanza habari za mpira, na mimi sijali.

Nyumba yenyewe iko nje ya Kisumu, kupita Mamboleo, unaingia ndani kuelekea kwenye miwa. Ilijengwa na mzungu mmoja mkulima kabla ya Uhuru, na ilisemekana alifia humo humo, kwenye chumba cha kulia, akisubiri chai. Baadaye shamba lake lilinunuliwa na chama cha watu wengi, wakaligawana kwa kuokota vikaratasi ndani ya kofia. Kila mwanachama aliomba Mungu asiokote kipande chenye nyumba. Aliyekiokota alikirudisha mbele ya watu wote, akasema heri apewe kule kwenye tope na vyura. Baba yangu akainua mkono. "Nipeni mimi," akasema. "Mimi siogopi marehemu, naogopa paa linalovuja." Watu wakacheka, wakampa, na kuanzia siku hiyo wakawa wanatusalimia kwa sauti ya chini.

Baba alikuwa mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi ya hapo karibu, na nyumba ile aliipenda hadi ikawa aibu. Kuta za mawe, madirisha ya kioo, dari ya mbao. Kulikuwa na beseni refu la chuma la kuogea, lenye miguu yake minne, ambalo halikuwahi kuona maji katika maisha yetu yote. Tulihifadhi mahindi ndani. Mgeni akija, Baba alimpeleka kwanza kuona beseni, kisha kengele. Kengele ilining'inia jikoni, juu ya mlango. Kwenye chumba cha kulia kulikuwa na mpini wa shaba ukutani. Ukiuvuta, waya unapita juu ya dari, unapitia stoo, unatokea jikoni, na kengele inalia. Mzungu alikuwa anakaa tu hapo, anavuta, chai inakuja.

Haya tulielezwa na mzee aliyekuwa mpishi wake, ambaye sasa alituletea maziwa kila asubuhi. Mzee huyo hakuwahi kuvuka kizingiti cha jikoni. Alinyoosha mkono wake na mkebe, akabaki nje. "Mama," alimwambia mama yangu wiki ya kwanza, "ikilia saa kumi, usiende kuangalia. Weka tu maji kwa moto." Mama akamwuliza waya unapita wapi. Mzee akamwonyesha kwa kidole kutoka nje, pole pole, kona kwa kona. Nilikuwepo. Sikufikiri chochote.

Lazima nieleze jambo la kwetu, maana bila hilo mtu atadhani Mama alikuwa mwanamke wa vituko. Kwetu Waluo mwanamume huanzisha boma lake, dala tunasema, kwa utaratibu. Siku hiyo anatoka asubuhi mapema, yeye amebeba jogoo, mke wake amebeba moto, na mtoto wao wa kwanza wa kiume amebeba shoka. Nyumba inasimamishwa siku hiyo hiyo, hata kama ni ya fito na udongo, na wanalala humo. Mke aliyeingizwa hivyo ana nyumba. Ambaye hakuingizwa hivyo, hata akae kwenye mawe na vioo, hana. Ni mgeni kwa mtu. Na akifa, ndugu za mume watakimbizana kumjengea kibanda cha siku moja ili maiti ipate mahali pa kulala kabla ya kuzikwa. Mama alikuwa ameona shangazi yake akijengewa hicho kibanda. Alituhadithia mimi na dada yangu mara nyingi, kwa hasira, jinsi wanaume walivyokuwa wanaulizana nani ana misumari na mwenyewe amelala nje kwenye pikapu. "Mimi sitajengewa nikiwa nimekufa," alisema. "Haki ya Mungu, sitajengewa."

Babu alikuwa ameshamwonyesha Baba mahali, huko Nyakach, ukingoni mwa ziwa, karibu na kwake. Kilichobaki ni Baba kwenda. Kila Desemba Mama aliuliza, na kila Desemba jibu lilikuwa lile lile.

"Mama watoto, una vyumba vitano. Unataka cha sita cha nini?"

"Hivyo ni vyumba vya mtu."

"Mtu gani? Si alikufa?"

"Ndiyo maana."

Baba alicheka. Hakuwa mtu mbaya, na sitaki asomwe hivyo hapa. Aliamini tu kwamba mambo hayo yataisha yenyewe kama chawa, watu wakisoma.

Nilikuwa darasa la sita kengele ilipolia mara ya kwanza. Walimu wenzake Baba walikuwa wamekuja, wamekaa mezani, na hakuna aliyekuwa karibu na mpini. Ikalia mara tatu. Mwalimu mmoja akasema, "Ai, Bwana, una mtumishi?" Baba akasema ni panya kwenye waya. Mama akaingia kutoka nje na nguo alizoanua kambani zimejaa mkononi, akauliza nani amemwita. Wale walimu walimaliza chai wakiwa wamesimama.

Baada ya hapo ililia kila baada ya siku kadhaa, kila mara saa kumi. Panya wakawa joto la mabati, joto la mabati likawa tumbili. Baba alipanda juu ya dari na tochi, akashuka na utando wa buibui kichwani na hakuna kingine. Dada yangu alianza kukojoa kitandani. Mimi nilianza kwenda kwa jirani baada ya shule mpaka giza likaribie, kwa visingizio vya kila aina. Shuleni waliniita mtoto wa mzimu, na nilipigana mara mbili kwa sababu hiyo.

Siku moja ililia Baba akiwa peke yake ndani, anasahihisha madaftari. Nilikuwa nje nafunga ndama. Nikamwona anatoka, kalamu nyekundu bado iko mkononi, anakaa kwenye ngazi. Hakuniangalia. Kalamu ilikuwa inagonga goti lake, tik tik tik, na sidhani alijua. Jumamosi yake alipanda baiskeli kwenda hadi Nyakach kwa Babu, na aliporudi alisema tutajenga.

Sijui niseme nini kuhusu wiki zile. Mama alikuwa anacheka ovyo ovyo, hata ugali ukiungua. Alikwenda soko la Ahero akarudi na jogoo mwekundu, akamfunga mguu mlangoni mwa jikoni, akawa anamlisha kwa mkono na kumwita Mzee. Miti ya nguzo ilikatwa ikalazwa kando ya zizi. Alininunulia shoka. Aliupima mpini kwenye mkono wangu, kutoka kwapa mpaka kidole, kisha akauliza, "Wuoda, utaweza?" Wuoda ni mwanangu wa kiume. Nikasema nitaweza. Nilikuwa nasema uongo, kwa sababu sikutaka kwenda. Nilikuwa na chumba changu na dirisha la kioo, na shule ilikuwa hatua chache. Huko Nyakach ningelala na binamu wanne, na msimu wa mvua ningevuka maji ya magoti kwenda darasani. Nilijua nyumba ya Nyakach ilimaanisha nini kwa Mama. Nilijua vizuri sana. Naandika hivyo ili mtu asije akaniambia nilikuwa mtoto.

Baba naye akaanza kusogeza siku. Mitihani kwanza. Kisha mvua ipungue kwanza. Na kengele, ambayo ilikuwa imenyamaza, ikaanza tena.

Alasiri hiyo nilikuwa nimerarua shati la shule, nikapitia stoo kwa mlango wa nyuma nilifiche. Mama alikuwa amesimama juu ya gunia la mahindi. Viatu amevua. Mkononi alikuwa na chuma cha mwavuli kilichokunjwa ncha kama ndoana, amekinasa kwenye waya, na ulimi umetoka kidogo kando ya mdomo, vile alivyofanya akitia uzi kwenye sindano. Akavuta mara tatu. Jikoni ikalia. Nikasikia kiti cha Baba kikirudi nyuma kwa nguvu huko chumba cha kulia.

Mama akageuka akaniona. Hakushtuka hata kidogo. Akashuka, akakisukuma kile chuma nyuma ya magunia, akaniwekea mkono kichwani. "Tukishahama nitakuambia yote tucheke," akasema kwa sauti ya chini. "Sasa nyamaza, eh?" Nikatikisa kichwa kukubali. Alikuwa ananuka mahindi na jasho, na alikuwa anatabasamu.

Nilinyamaza siku mbili. Ya tatu nilikuwa natoka shule na Baba, yeye anasukuma baiskeli. Asubuhi hiyo mwalimu mwenzake alikuwa amemtania mbele ya darasa letu kwamba amefukuzwa kwake na mzungu aliyekufa, na Baba akacheka bila kutoa sauti. Sikumpenda hivyo. Nikasema, "Baba, kengele inavutwa kutoka stoo."

"Na nani?"

"Na Mama."

Akasimama. Nikadhani atanipiga. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akainamia usukani wa baiskeli, machozi yanatoka. Kisha akanibeba, mimi mkubwa hivyo, akaniweka kwenye bomba la mbele, akaendesha mpaka nyumbani akipiga mluzi. Nilifurahi. Nasema nilifurahi kwa sababu ni kweli.

Hakumwambia Mama neno. Jumapili aliwaalika wale walimu tena. Asubuhi alimchinja yule jogoo mwenyewe, akampa Mama ampike, na Mama akauliza, "Huyu?" Baba akajibu, "Huyo huyo." Mama alisimama na jogoo mkononi kwa muda, damu inadondoka kwenye ngazi, halafu akaingia ndani kuchemsha maji ya kumnyonyoa. Mezani Baba alitoa firigisi kwenye sahani yake akanipa mimi mbele ya wageni. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Nikaila.

Saa kumi ilipofika, Baba aliinuka, akaenda mpaka kwenye ule mpini, akauvuta mara tatu. "Mzimu!" akaita. "Leta chai!" Walimu walikuwa wameshaelezwa, walipiga meza kwa kucheka. Mama akaingia na trei. Akaweka vikombe kimoja kimoja, akamimina chai bila kumwaga tone nje. Hakumwangalia Baba. Aliniangalia mimi mara moja, si kwa hasira, kama mtu anayeangalia saa. Kisha akarudi jikoni.

Habari ya dala iliishia hapo. Zile nguzo zikawa zizi jipya. Shoka likawa la kuni. Mama hakuuliza tena Desemba iliyofuata, wala nyingine zote. Hakuninunia. Alinifulia, alinipikia, alinipa nauli ya kwenda sekondari kwenye leso iliyofungwa fundo kama kawaida. Niliwahi kutamani anichape. Hakunichapa, na hakuniuliza, na mimi sikusema.

Baba aliupenda ule utani. Sijui kama alisahau kwamba ulikuwa utani. Kila siku akiwa nyumbani, saa kumi, alivuta mpini, na Mama akaja na chai. Miaka kumi hivi. Nilikuwa chumbani kwangu nasoma, dirisha la kioo liko wazi, nasikia kengele, nasikia viatu vya Mama vikivuka ukumbi. Mwanzoni nilikuwa naziba masikio. Baadaye sikuziba. Ilikuwa sauti ya nyumba tu, kama mlango wa stoo ulivyokuwa ukilia.

Mama alifariki katikati ya miaka ya tisini, nikiwa karani Nakuru. Shinikizo la damu. Baba ndiye aliyenipigia simu ya ofisini, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Nilivuta mara tatu," alisema. "Nikangoja. Nikavuta tena. Nikadhani amekasirika." Alimkuta chini jikoni, sufuria iko motoni. Niliweka simu chini nikamalizia barua niliyokuwa napiga chapa. Aya mbili zilikuwa zimebaki. Wenzangu wakaniuliza ni nini, nikawaambia, na mmoja wao akaanza kulia, na mimi nikawa nampa pole yeye.

Baba alitaka kumzika nyuma ya nyumba, penye waridi za mzungu. Babu akaletwa kwa gari kutoka Nyakach, mzee sana, haoni vizuri, akakataa kuingia ndani kama alivyokataa siku zote. Aliwekewa kiti nje ya jikoni. "Utamzika kwa mtu?" akauliza. Ikaamuliwa apelekwe Nyakach, na kwa kuwa hakuwa na nyumba huko, ijengwe moja haraka kabla gari halijatoka na mwili mochari ya Kisumu.

Huko Nyakach Baba alileta shoka. Lilikuwa lile lile, limefungwa kwenye gunia, makali yameliwa na kuni za miaka yote ile. Akanikabidhi bila kuniangalia usoni. Yeye alichimba shimo la kwanza mwenyewe, amevaa suruali ya suti, na alipiga magoti kutoa udongo kwa mikono. Wanaume walikuwa wanaulizana nani ana misumari. Nilisikia hilo swali kwa masikio yangu. Nilikuwa nakata nguzo, mimi kifungua mimba, na sikujua hata namna ya kushika mpini. Binamu zangu walinionea aibu wakaangalia pembeni. Mlango waliniachia mimi niupime, kwa heshima. Niliupima kwa mabega yangu. Wanawake wakasiliba udongo, mabati ya zamani yakapigwa juu, na alasiri nyumba ilikuwa imesimama, ukuta bado unadondosha maji.

Gari lilifika kama saa kumi. Walimbeba wanaume sita, watatu huku, watatu huku, wakafika mlangoni wakakwama. Mlango ulimtosha mtu anayetembea, sio mtu anayebebwa. Wakarudi nyuma, wakajaribu upande, jeneza likagonga nguzo. Mtu akasema, "Pole pole, pole pole jamani." Mtu mwingine akauliza nani alipima mlango huu. Nikachukua shoka nikaanza kukata nguzo ya kushoto. Niliikata vibaya. Udongo mbichi ukawa unarukia juu ya kifuniko, na nilikuwa nasimama kila mara kuupangusa kwa mkono wa shati, kisha nakata tena, na watu wote wamesimama na mama yangu mabegani wakinisubiri nimalize. Hapo nilisikia kitu, nakubali. Niliona haya. Haya ambayo ilitakiwa inipate kwenye baiskeli ilinipata pale.

Akaingia. Akawekwa katikati. Dada yangu, ambaye alikuwa amekuwa mtu mzima bila mimi kuona, akauliza kama awashe moto humo ndani, maana udongo ulikuwa na baridi. Shangazi, dada yake Baba, akamshika mkono.

"Moto unabebwa na mke mwenye nyumba," akasema.

Baba akatoka nje. Wanawake wakakaa na Mama hivyo hivyo bila moto, na mimi nikakaa mlangoni, penye lile pengo nililolikata, shoka likiwa kati ya miguu yangu.